Habari za Mwalimu Skolastika na Muhuri wa Masjala

Sogezeni mikeka, enyi watu wa Ujiji na Kibirizi. Nanyi wa Mwamgongo mliokuja kwa boti, tueni vikapu vyenu. Nanyi wa Kidahwe mliotembea tangu alfajiri, kaeni mpumzishe miguu. Hapa hazisimuliwi habari za wafalme waliotwaa nchi, wala za majemadari waliovuka mito kwa mapanga. Inasimuliwa habari iliyozizidi hizo kwa kipimo cha waliokuwapo: jinsi Mwalimu Skolastika binti Feliksi, Mshika Rejista, Mnyamazisha Madarasa, mwakilishi wa chama cha walimu pale Gungu, alivyokwenda mjini na barua moja, na barua ile ikagongwa muhuri.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba, katika miaka ile ya wakimbizi, boti ziliposhusha watu ufukweni na malori yakawachukua kwenda kambini. Lakini waliokuwa na ndugu mjini walijibanza kwa ndugu, na watoto wao wakapelekwa shule iliyo karibu. Darasa la pili la Skolastika, lililojengwa kwa watoto arobaini na watano, likawa na mia moja na kumi na wanane, wamepangana sakafuni kama dagaa juani. Wala hakuna hata mmoja aliyerudishwa mlangoni.

Basi ndipo ulipowashukia walimu waraka kutoka ofisi ya elimu, ukinena kwa maneno machache na makavu kwamba bajeti ya shule za mji imepunguzwa, na kwamba kifungu cha chaki kimefutwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Walimu wakapigana kwa silaha walizokuwa nazo. Waliandika kwa mkaa, lakini ubao ni mweusi na mkaa ni mweusi, wakashindwa siku ya kwanza kabla ya mapumziko. Wakaandika kwa makopa ya muhogo mkavu, na hayo yalitoa mstari mweupe ulio imara. Ndipo Jumanne moja Skolastika akamwita ubaoni Ella, mtoto wa miaka minane aliyevuka mpaka mwezi uleule, aandike jina lake. Ella akaandika herufi ya kwanza, akalitazama kopa lililo mkononi mwake, akalitafuna.

Skolastika hakukemea. Alingoja mtoto amalize kumeza, akampa kopa jingine.

"Lile lilikuwa la kula," akamwambia. "Hili ni la kuandikia."

"Ego, Mwalimu," akaitikia Ella kwa Kirundi, akaandika.

Lakini Skolastika alipoingia chumba cha walimu, kabla hajaketi aliitisha mkutano wa tawi.

Wakakutana wanachama wote tisa, na maneno mazito yakasemwa siku ile. Akasimama kwanza Mwalimu Melania, Mkongwe wa Hesabu, aliyefundisha nusu ya mji ule kujumlisha.

"Ndugu wanachama," akanena, "nyundo ya bajeti imetua juu ya vichwa vyetu. Mimi nasema tugome."

"Tukigoma, watoto elfu moja watashinda wapi?" akauliza Mwalimu Regina, katibu. "Watakwenda ziwani kuogelea, na mamba hawana mgomo."

Hoja ya mamba ilikuwa na nguvu, mgomo ukaanguka. Wakaazimia kupigana kwa barua ya kuiomba ofisi ya elimu chaki. Maana ilikuwako kanuni ya kale, wanayoijua wote waliowahi kusubiri kwenye benchi la ofisi, kwamba barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa sharti ijibiwe ndani ya siku kumi na nne. Na isiyogongwa ni kama haikuandikwa.

Mara nne Skolastika akatembea kutoka Gungu hadi mjini, na mara nne akarudishwa nyuma. Mara ya kwanza mtunza masjala alikuwa msibani. Mara ya pili ofisi ilikuwa ikifagiliwa, na kufagia huko kukachukua siku nzima. Mara ya tatu aliambiwa aiache barua mezani, akaiacha, na juma lililofuata aliinunua sokoni ikiwa imefungia karanga. Mara ya nne alifika dirisha likifungwa. Alipoiandika nakala ya tano, mahali pa tarehe alipaacha wazi, kwa kuwa siku ya ushindi haijulikani na wapiganaji.

Safari ya tano hakwenda peke yake. Alifuatana na Bonfils, mwalimu aliyefundisha miaka kumi na miwili huko Burundi, na ambaye sasa alifundisha darasa la tatu pale Gungu pasipo mshahara. Kwa katiba ya chama, asiye na mshahara si mwanachama, hivyo katika mikutano yote ya tawi alisimama nje ya mlango akisikiliza. Siku ile alisema tu, "Mwalimu, leo nakusindikiza," akavaa koti lake.

Wakafika saa mbili asubuhi mbele ya dirisha la masjala, lenye nondo sita kama ngome. Nyuma ya nondo aliketi Mzee Nehemia, Mlinzi wa Majalada, mtu wa miwani minene na subira isiyo na mwisho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umerudi."

"Nimerudi. Nimeleta barua ya chama cha walimu. Naomba igongwe muhuri."

"Iache mezani."

"Ile nyingine niliiacha mezani, nikaikuta sokoni imefungia karanga."

Mzee Nehemia akafikiri. "Walau ilitumika," akasema.

Hapo Skolastika akajinyoosha kwa kimo chake chote, ambacho hakikuwa kirefu, akashika nondo mbili za dirisha. "Mzee Nehemia, nina watoto mia moja na kumi na wanane. Mmoja wao alikula chaki yake kwa sababu ilikuwa muhogo na yeye alikuwa na njaa. Sikuja kugombana nawe. Lakini sitaondoka hapa mpaka karatasi hii ipate alama. Ukifunga dirisha, nitaketi. Ukifungua kesho, utanikuta."

Mzee Nehemia akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akautoa muhuri kwenye saraka, akaukandamiza juu ya pedi, akaugonga kwa nguvu kwenye gazeti kuukuu. Alipouinua, gazeti lilikuwa kama lilivyokuwa.

"Pedi imekauka," akasema kwa sauti ya chini. "Waraka uliofuta chaki yenu ulifuta na wino wangu. Tangu Februari sijagonga kitu. Ningewaambiaje watu kwamba masjala haina wino? Ndiyo maana nasema iache mezani."

Skolastika akaziachia nondo. Alikuwa amejiandaa kwa adui, na hapa hapakuwa na adui, ila mzee mwenye aibu. Hasira aliyoibeba kutoka Gungu ikakosa pa kutua, akabaki amesimama na barua mkononi.

Ndipo Bonfils akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa kichupa cha wino.

"Nilivuka nacho," akasema. "Siku tuliyokimbia nilikuwa nasahihisha madaftari. Mke wangu Astérie akabeba mtoto, mimi nikabeba kilichokuwa karibu na mkono. Tulipofika ufukweni nikaona nimebeba hiki."

Mzee Nehemia akakiinua kwenye mwanga. Yalikuwa yamebaki matone machache. "Huu ni mwekundu. Muhuri wa ofisi ni wa buluu."

"Umeshapita mpaka wa nchi mbili, Mzee," akasema Bonfils. "Usishindwe na dirisha."

"Bonfils, si lazima," akasema Skolastika.

"Wino ni wa kuandikia, Mwalimu."

Akaumimina wote. Pedi ikaunywa kama ardhi ya kiangazi. Mzee Nehemia akasimama, kwa kuwa jambo lile halikufaa kufanywa na mtu aliyeketi. Akainua muhuri hadi usawa wa sikio, akaushusha. Meza ikalia, vumbi likaruka, na juu ya barua ya walimu wa Gungu, kwa wekundu wa masahihisho, likasomeka neno IMEPOKELEWA.

Skolastika, kwa mazoea ya kazi, akaisoma yote hadi chini. "Mzee, hapa pameandikwa mwaka jana."

"Gurudumu la mwaka limekwama. Kifungu cha matengenezo nacho kimefutwa."

"Basi barua yangu imekaa kwenu mwaka mzima."

Wakatazamana kupitia nondo. Mzee Nehemia akaitia barua kwenye jalada, akaingia ndani kwa Bwana Afisa.

Haikupita robo saa Skolastika akaitwa. Afisa alikuwa ameisoma mara tatu na jasho limemtoka, maana wakaguzi wa mkoa walikuwa wafike Alhamisi.

"Mwalimu, mmengoja jibu muda wote huu?"

"Tumeandika mara nyingi, Bwana Afisa," akajibu Skolastika, na huo ulikuwa ukweli mtupu. "Hiyo ni nakala ya tano."

Afisa akafungua kabati, akatoa boksi moja la chaki nyeupe lililowekwa kwa ajili ya semina, akalisukuma mbele yake. "Hili ndilo jibu. Tia saini hapa."

Bajeti haikurudishwa, wala kifungu hakikufufuka. Lilipatikana boksi moja, chaki mia, na wawili wale wakalibeba kwa zamu hadi Gungu, juani, kama watu waliobeba kiti cha enzi.

Jioni ile tawi likakutana. Walipokwisha kugawana chaki kwa haki, Melania akamwona Bonfils amesimama nje ya mlango kama ilivyo desturi, akavuta kiti.

"Mwalimu, ingia ukae."

"Katiba hairuhusu, Mama," akasema Bonfils.

"Nani anapinga?" akauliza Melania, akazungusha macho chumba kizima. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Hivyo ndivyo historia ilivyotendeka kando ya Ziwa Tanganyika, nanyi mlioisikia mkawasimulie wasiokuwapo. Na atakayetilia shaka na akitafute kitabu cha kumbukumbu za tawi, ukurasa wa siku ile, ambapo katibu Regina aliandika: Waliohudhuria, kumi.