Wezi Sita wa Mwalimu Kipkosgei

Lori la majani lilikuwa limechelewa tena, na lori likichelewa pale senta ya majani chai, nje kidogo ya Sotik, watu huanza kutafutana maneno. Jioni hiyo alianza Gordon, fundi wa kiwandani, aliyebandikwa jina Redio kwa kuwa habari zake hazikuwa na swichi ya kuzimia.

"Mmesikia? Walimu wameitwa semina hii likizo ya Aprili. Ati wanafundishwa kufundisha insha!"

Kipkurui aliinua kichwa kutoka kwenye mzigo aliokuwa akiuchambua. Huyu ndiye karani wa majani, na jina lake pale lilikuwa Mizani. Kazi yake ilikuwa kumwaga mzigo wa mkulima mezani mbele ya watu wote, kubakisha majani mawili na chipukizi, na kutupa kila jani lililokomaa. Tabia hiyo alikuwa nayo hata kanisani.

"Kwani miaka hii yote walikuwa wanafundisha watoto yetu nini?"

"Kulia," akajibu Syprose, muuza chai na mandazi. "Wanachapa, mtoto analia. Hiyo haitaki semina."

Wakacheka wote isipokuwa Mwalimu Kipkosgei. Alikuwa ameketi juu ya gunia lake la majani, kola ya koti imefunika masikio, akimwomba Mungu alilete lori. Alikuwa ametoka semina hiyo hiyo mchana, na Redio alijua. Ndiyo maana alianzisha.

"Mwalimu, wamekupiga msasa mpaka wapi?"

"Mpaka kwa mfupa!" Mwalimu alishindwa kuvumilia. "Ati mwalimu ambaye haandiki hawezi kufundisha kuandika. Kesho asubuhi kila mmoja wetu anasimama, anasoma insha yake mwenyewe. 'Siku Ambayo Sitaisahau.' Na inspekta atakuwa hapo, anatafuta mtu wa kuwa naibu wa hedimasta."

"Sasa unaogopa nini? Si wewe ndio bingwa wa insha hapa?"

Hapo ndipo kiatu kilipombana. Mwalimu alikuwa na insha moja tu duniani. Kila mwaka aliiandika ubaoni na darasa la nane likaikariri mpaka nukta ya mwisho: jua linachomoza, ndege wanaimba, wezi sita wenye bunduki wanavunja mlango, polisi wanafika kwa bahati nzuri, na mwisho siku za mwizi ni arobaini.

"Msichana yangu aliandika hiyo kwa mtihani," Kipkurui akasema. "Na wa jirani pia. Darasa mzima waliibiwa na wezi hao hao sita! Nasikia mwenye kusahihisha karatasi alitaka kuita polisi."

"Aite wa nini?" Redio akauliza. "Si polisi tayari wako ndani ya insha?"

"Basi Mwalimu, soma hiyo hiyo," Syprose akashauri.

"Siwezi, mama. Anayetufundisha ni Chepchirchir."

Syprose akaliweka birika chini. "Chepchirchir gani? Ule mwanafunzi wako ulichapa kwa sababu aliandika juu ya ng'ombe yao kula suruali ya hedimasta?"

"Huyo huyo."

"Yawa!"

"Nikifungua mdomo tu niseme 'jua lilichomoza', yeye atamalizia. Insha yangu anaijua kuliko mimi."

"Mganga hajigangi," Redio akasema, akatikisa kichwa kana kwamba yuko matangani.

Mwalimu akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amejaribu wakati wa chakula cha mchana. Kulikuwa na jua, kulikuwa na ndege, ila wezi alikuwa amewaongeza wakawa tisa, ili Chepchirchir asiwatambue.

"Leta hapa," Kipkurui akaamuru, akaikunjua karatasi juu ya meza ya kuchambulia na kuchomoa biro sikioni. "Jua lilichomoza... hii jani imezeeka. Tupa! Ndege waliimba... hii ni kijiti. Tupa! Wezi tisa..."

"Niachie mmoja," Mwalimu akasihi. "Hata ule mwembamba."

"Tupa! Kiwanda itanirudishia."

"Nitie mimi huko ndani," Redio akaingilia. "Siku ile stima ilinirusha mpaka nikaanguka kwa majani makavu. Nilipiga chafya mpaka Krismasi."

"Hiyo ni siku yako, Gordon," Syprose akamkata. "Mwalimu, kwani wewe mwenyewe hujawahi kupatikana na kitu?"

Mwalimu akafikiri. Alioa, akazaa, akajenga nyumba ya mabati. Kila alichokumbuka kilimjia na jua linalochomoza na ndege wanaoimba, hata harusi yake, ambayo ilinyeshewa mpaka mchungaji akakimbilia zizini. Aliona aibu ya kweli. Maisha yake yote mambo ya maana yalikuwa yamewapata wale wezi.

Kipkurui alipomaliza, karatasi nzima ilikuwa imekatwa mistari, likabaki neno moja. "Mlango," akasoma kwa heshima. "Hii ni laini. Hii nimekubali."

Honi ikalia kilimani. Mvua nayo ikaanza. Watu wakarukia mizigo, na Kipkurui akafanya kama mkono wake ulivyozoea: kilichokubaliwa huingia guniani. Karatasi ikaingia, gunia likafungwa, likapimwa, likarushwa juu. Lori lilipokuwa linakata kona ndipo Mwalimu alipopapasa mfuko wake.

"Mlango!" akapiga kelele, akitimua mbio na gambuti zake. "Mlango wangu umeenda!"

Dereva akasikia. Akatoa kichwa, akatazama mlango wake, akauona umefungwa vizuri, akaongeza mafuta. Mwalimu akateleza, akakaa matopeni mpaka kiunoni.

Walimwinua, wakamleta chini ya mabati. Redio alimfuta kwa gunia tupu, akicheka huku machozi yanamtoka. "Mwalimu! Si sasa umepata siku ambayo hutaisahau?"

Uso wa Mwalimu ukachanua. Aliomba kipande cha karatasi ya kufungia mandazi, akalamba ncha ya biro, akaandika mbio mbio, kisha akasimama kusoma kwa sauti ya darasani.

"Ilikuwa asubuhi na mapema. Jua lilichomoza na ndege..."

"Mwalimu! Ni jioni! Na inanyesha!"

Akatazama mvua kama mtu aliyetukanwa. "Jua lisipochomoza, insha itaanzaje?"

"Anza na lori," Syprose akamwambia.

Akafuta jua. Akafuta ndege, polepole, kama anayeaga jamaa. Akaandika: *Lori limeenda na insha yangu.* Kisha biro ikaganda hewani.

"Haya, halafu?" Kipkurui akauliza.

"Sijui."

"Hujui nini na wewe ndio umeanguka?"

"Sijui sentensi inayofuata." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na hofu ikaonekana machoni mwake. "Hiyo ya kufuata... watu hufanyaje?"

Watu wakaanza kubeba vikapu vyao vitupu kwenda nyumbani. Syprose akamwaga majivu, akafunika mandazi yaliyobaki.

"Kesho inua mkono, Mwalimu, umuulize Chepchirchir," akasema. "Na usijali. Ule hachapi."