Amri ya Soli Nene

Mamlaka ya Udhibiti wa Nyayo iliutangazia umma wote, kuanzia wenye miguu miwili na kuendelea, kwamba zama za kunyanyua vyuma peku zimekwisha. Kuanzia Jumatatu, kila mnyanyuaji atavaa kiatu chenye soli isiyopungua unene wa vidole vitatu. Jengo lolote litakalokutwa na unyayo mtupu chini ya chuma litafungwa na kupigwa lakiri siku tisini.

Amri hii haikukurupuka. Kamati ilikaa miezi kumi na minne. Waliotetea viatu walisikilizwa kwa chai, waliotetea peku walisikilizwa kupitia dirishani, na mjumbe mmoja mpenda amani alipendekeza kila raia avae kiatu mguu mmoja.

Utekelezaji ukaangukia mikononi mwa Kaimu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa Kaimu Mkaguzi wa Nyayo, hata jina lake halisi likasahaulika. Mkewe alimwita Kaimu. Mama mkwe alimtambulisha kwa wageni kama kaimu mkwe. Sasa Mkurugenzi alikuwa amemwahidi: kazi hii ikienda bila doa, anathibitishwa. Kaimu alipiga pasi suruali mara mbili, akachukua kitabu cha fomu na mfuko wa lakiri, akaanzia kwa shemeji yake.

Shemeji, dada mkubwa wa mkewe, aliendesha jim ndani ya ghala la zamani la unga. Alimkuta ameinamia kilo mia moja na ishirini, vidole vya miguu vimeng'ang'ania saruji.

"Shemeji, hiyo miguu."

"Imekukanyaga?"

"Iko uchi."

"Basi angalia pembeni. Mdogo wangu ana wivu."

Akavuta chuma hadi kiunoni, akakishusha taratibu, akajifuta jasho.

"Sikiliza, Kaimu. Anayechuchumaa na chuma begani, kiatu chenye kisigino kigumu kinamfaa. Lakini anayevuta kutoka chini anataka sakafu, siyo sponji. Hivyo viatu vyenu ni magodoro. Wewe unaweza kubeba mgonjwa huku umesimama juu ya godoro?"

"Inategemea mgonjwa ana kilo ngapi," alijibu Kaimu, maana aliheshimu takwimu.

"Mwambie bosi wako aje anyanyue na magodoro yake. Akiweza, jim nafunga mwenyewe."

Kaimu aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, kwenye kisanduku cha Maoni ya Mdau. Mkurugenzi aliyasoma, akacheka, akaita waandishi wa habari.

Onyesho lilifanyika makao makuu ya Mamlaka, saa sita mchana. Mkurugenzi alitokea na viatu vipya vilivyomwongezea urefu na heshima. Chuma kilikuwa cha kilo sitini. Alipokivuta, soli zilididimia, akaelekea kushoto. Akajirekebisha, akaelekea kulia. Mara ya tatu alielekea kwa waandishi.

"Sakafu hii ina mawimbi," alitangaza.

"Vua, bosi," Shemeji, aliyekuja kushuhudia, alimwambia kwa huruma. "Hakuna anayekuona."

Kamera zilikuwa ishirini. Mkurugenzi akarusha viatu, akashika chuma, akakinyanyua kama mtu anayeokota kofia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Mmeona?" alipaza sauti. "Viatu vimefanya kazi!"

Kaimu hakupiga makofi. Barua yake ya kuthibitishwa ilikuwa ghorofa ya juu, imebakiza sahihi tu. Aliitazama miguu ya Mkurugenzi. Mkono wake, uliozoea kazi, ukafungua kitabu cha fomu.

"Naomba wote mtoke kwa utaratibu," alisema. "Viatu vibaki. Ni kielelezo."

Dakika ishirini baadaye lakiri ilikuwa inapoa kwenye kila mlango wa Mamlaka, na Mkurugenzi alikuwa uwanjani, akirukaruka juu ya lami inayochemka.

"Nakufukuza kazi!"

"Sawa, Mheshimiwa. Mhuri wa kufukuzia uko ndani."

"Fungua!"

"Kaimu anafunga tu. Kifungu cha tisa. Anayefungua ni Mkaguzi kamili."

"Yuko wapi huyo Mkaguzi kamili?"

"Ndiye tunayemsubiri, Mheshimiwa. Mwaka wa kumi na moja huu."

Mkurugenzi alinyanyua mguu wa kushoto, akafikiri. Akaushusha, akanyanyua wa kulia, akafikiri zaidi. Kisha akampokonya Kaimu karatasi tupu ya kuandikia uthibitisho. Shemeji akainama.

"Andikia mgongoni kwangu. Hapa hapayumbi."

Mkaguzi aliisoma barua yake mara mbili, akaomba iongezwe tarehe, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Machozi yalimlengalenga, akasingizia jua.

"Haya, fungua!" alifoka Mkurugenzi.

"Ombi lako litashughulikiwa, Mheshimiwa. Foleni ile pale."

Mkurugenzi aligeuka. Wafanyakazi wake mia moja na arobaini walikuwa wameshajipanga kando ya ukuta, maana mikoba yao na funguo za nyumba zilikuwa ndani. Alienda mbele moja kwa moja, kama alivyozoea. Wakamwonyesha nyuma. Akaufuata ukuta hadi mwisho, akiruka kama anayecheza ngoma asiyoijua, akasimama nyuma ya mfagizi wa ofisi yake.

Mfagizi akageuka, akamtazama kuanzia tai hadi nyayo.

"Mzee," alimwambia, "usinisukume."