Kuhusu Panya Mnaosema ni Wangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Panya katika safu ya maduka yetu, ambaye pia ni shemeji yangu, jambo ambalo kwa leo naliweka kando.

Shemeji, salamu.

Nimesikia kwamba kamati yako imemwandikia Bwana Afya kuwa panya wote wa safu hii wanazaliwa katika duka langu la vitabu, na kwamba akija Alhamisi afunge la kwangu tu, mengine yapone. Nilifundisha sayansi mpaka nikastaafu, na duka hili ndilo linalonipa sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Kwa hiyo nivumilie nikueleze panya ni mnyama wa namna gani, maana inaonekana kamati iliundwa kabla ya yeyote kuuliza.

1. Mlikubaliana kila mwenye duka awe na siku yake ya kupiga debe ili panya wahame. Wewe wa nafaka Jumatatu, fundi cherehani Jumanne, kinyozi Jumatano, mimi Alhamisi. Hakuna aliyeuliza wahamie wapi. Panya hakimbii ovyo. Anafuata ukuta, ubavu ukigusa tofali, mpaka apate tundu la kupitisha kichwa, na kichwa chake hakizidi sana unene wa kidole gumba. Ukuta wako unamfikisha kwa fundi, wa fundi kwa kinyozi, wa kinyozi kwangu, na kwangu safu inakwisha. Nikipiga debe wanarudi kwako kwa mstari. Nimeongoza shule, shemeji, wala sijaona ratiba inayoheshimiwa hivi. Nanyi mmemwalika Bwana Afya Alhamisi asubuhi, kabla sijagusa debe! Aje Jumatatu asubuhi, kabla hujagusa lako, tuone ni wa nani.

2. Matundu ya dukani kwako umeyaziba kwa magunzi ya mahindi. Watu wengine huziba kwa saruji, au kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwa kuwa meno ya panya hayaachi kukua na lazima ayasage kwenye kitu. Wewe umemwekea mlango anaoweza kuula.

3. Mtego wa gundi mliutega katikati ya sakafu, mahali ambapo panya hapiti, na mpaka sasa umenasa kandambili moja. Ni yako. Sikusema kitu kikaoni kwa sababu ya dada yako.

4. Paka wa kamati anakunywa maziwa kwako na kulala juu ya gunia la mchele. Nilipolieleza hilo, ulinijibu kwamba paka akishiba anapata nguvu za kuwinda. Nimelitafakari jibu hilo kwa uaminifu, kama nilivyokuwa nikitafakari majibu ya wanafunzi wa dawati la nyuma, na alama ni zile zile.

5. Nilipolalamika, fundi cherehani alisema mbele ya wote, "Mwalimu, wamekuja kusoma, unawafukuzia nini?" Kinyozi akacheka mpaka akakalia kiti cha wateja. Wewe mwenyekiti ukaandika kwamba hoja imejibiwa.

Kutokana na hayo, naomba mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama aje achukue panya wake. Wako wanatambulika kwa unga kwenye masharubu, na wa fundi kwa vipande vya uzi. Pili, kwa kuwa panya ndio pekee wanaofuata maazimio ya kamati, naomba uwaachie kiti. Yupo mmoja mwenye mkia nusu ambaye hajakosa zamu hata moja, isipokuwa wiki hii, na naamini ana udhuru. Anaijua safu yote kwa ndani, hasinzii kikaoni, na hajapata kunasisha kiatu chake mwenyewe.

Narudia, ili Bwana Afya asomewe: dukani kwangu hakuna panya mzaliwa. Wote ni wapita njia.

Wasalimie fundi, kinyozi na paka, kila mmoja kwa kadiri ya kazi aliyoifanya. Dada yako anakusalimu, anasema ununue saruji.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu wa duka la mwisho.

Baada ya kusaini: Nimefungua droo ya kaunta kutafuta bahasha, na nimeifunga tena taratibu. Yule wa mkia nusu amelala juu ya sweta langu la zamani, ananyonyesha. Makombo ya mkate yaliyomo humo ni yangu. Nilikuwa nikimwekea ili asiende kukusumbua wewe. Kwa hiyo ile habari ya Jumatatu naifuta, na Alhamisi pia nakuomba, shemeji, mwambie Bwana Afya asubiri kidogo. Watoto bado hawajafumbua macho.