BURE Mlangoni kwa Shangazi

Wenzangu wa darasa la usiku mlioko Kivinje,

Leo uso wangu nimeuacha Mtanda, na sidhani kama nitarudi kuuchukua.

Nawaandikia haraka kabla habari haijawafikia kwa lori. Itafika imetiwa chumvi na watu wengine. Afadhali mle chumvi yangu.

Mnamjua shangazi yangu, Bi Mwanahawa. Tangu afiwe na mumewe anasema atafungua mkahawa. Mwezi huu kauza bangili zake za dhahabu, kakodi chumba kando ya barabara hapa Mtanda, kanunua mchele, mbuzi na masufuria. Hakubakiza kitu. (Kanibakiza mimi. Ndiyo hasara yenyewe.) Shemeji yake wa bara keshamwambia: biashara ikianguka aende kwake, atapewa mkeka jikoni. Shangazi yangu alale jikoni kwa watu, na moshi wao. Basi mambo yote yalitegemea siku ya kwanza, yaani leo.

"Wewe una cheti, na unafanya kazi kwenye kiwanda cha chapa," aliniambia juzi. "Nitolee tangazo. Watu wajue nipo."

Maneno alinitajia mwenyewe: leo mkahawa wa Bi Mwanahawa unafunguliwa Mtanda. Pilau, samaki, mandazi, chai. Maji ya kunywa bure. Hilo la maji alilikazania sana, maana ni maji ya mtungini, yamefukizwa ubani, na huku maji tunanunua kwa debe.

Alfajiri, baada ya sala, nikafungua kiwanda. Fundi wangu, Fundi Bakari, alikuwa Mingoyo tangu jana. Huyu ndiye aliyenifundisha kupanga herufi, na kanuni zake nazijua kama jina langu. Kikubwa husomwa kwanza. Maneno ya jambo moja yakae pamoja. Na nafasi tupu usiionee choyo, acha karatasi ipumue.

Nikavuta sanduku la herufi kubwa, zile za mbao, kila moja kama kiganja. Nikaanza MWANAHAWA. Nikapata M, nikapata W. Nikatafuta A.

Hakuna A.

Nikageuza sanduku. E zimejaa tele kama dagaa, maana herufi hizi zimechongwa Ulaya, na huko naona wanakula E asubuhi na jioni. A walituletea chache, na hizo chache zote zilikuwa zimefungwa ndani ya tangazo la kodi la bomani, TAARIFA KWA WATU WOTE, lililokaa mezani likingoja kupigwa chapa. Fundi alikuwa amesema nisiliguse hata kwa pumzi.

Nikatafuta neno lisilo na A. Pilau, ina A. Samaki, ndiyo usiseme. Chai, mandazi, Mtanda, karibuni, A tupu. Jamani, mtu ukikosa A ndipo unajua Kiswahili kimejengwa kwa nini. Nikabakiwa na BI. Bi nani? Nikapata LEO. Lakini kesho litakuwa uongo.

Nikapata BURE.

Likakaa katikati ya karatasi kama sultani barazani. Nikaliachia nafasi tupu juu na chini, likapumua. Maneno mengine yote, pamoja na "maji ya kunywa", nikayapanga kule juu kwa herufi ndogo za madini ya risasi, safi, zimenyooka, kila moja kama sisimizi aliyeoga. Nikarudi nyuma hatua chache nikatazama. Wallahi machozi yalinilengalenga. Nikachapa, nikabandika sokoni, penye kituo cha malori, na moja mlangoni kwa Shangazi.

Shangazi hasomi. Aliligusa kwa ncha ya kidole.

"Hili kubwa ndilo jina langu?"

"Hili ni la kuita watu, Shangazi," nikasema.

Na liliita.

Wa kwanza alikuwa Mzee Chipande, mkulima wa Kimwera aliyeleta korosho zake mjini. Ni mwanafunzi wa yale masomo ya watu wazima ninayosaidia kufundisha jioni. Aliingia na gunia begani na kofia mkononi, uso umemng'aa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo nimesoma njiani. Peke yangu, hakuna aliyenishika mkono. Be, u, bu. Re, e, re." Akakaa kwenye benchi. "Ndilo neno langu la kwanza, nami nimeingia."

Shangazi akampakulia sahani imefurika. Mimi jasho likaanza kunitoka nyuma ya masikio. Nilitaka kusema kitu. Lakini ungemwambia nini mtu yule? Kwamba neno lake la kwanza maishani si kweli?

Wakati nafikiri, wakaingia wapagazi sita. Nyuma yao karani wa ghala na rafiki zake. Halafu nje likafunga breki lori la kutoka Kipatimu, limejaa mpaka juu ya magunia. Utingo akachungulia.

"Ndiyo hapa pa bure?"

"Ndipo," akajibu karani, mdomo umejaa.

Lori zima likashuka. Nawaambia lilishusha watu kama Idi mbili zimegongana. Benchi zikajaa, wengine wakachuchumaa ukutani. Nikasikia mwiko ukikwaruza chini ya sufuria la kwanza. Sauti ile ilinikwaruza moyoni. Shangazi alikuwa anatabasamu bado. Alidhani wanakula kwanza, watalipa baadaye.

Kisha karani akajifuta mikono, akasimama. "Mungu akuzidishie, mama." Akaelekea mlangoni.

"Na hesabu, baba?" akauliza Shangazi.

"Hesabu gani, mama? Karatasi yako imesema."

Nikapanda juu ya kiti.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "bure ni maji. Maji ya kunywa. Imeandikwa, hapo juu."

Karani akalisogelea tangazo, akakunja macho. "Bwana mdogo, mbona hapa umenong'ona na hapa umepiga kelele?"

"A zilikwisha."

"Zilikwenda wapi? Zilikuja kula pilau?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, na yule aliyepaliwa akapewa maji. (Maji yale ndiyo kitu pekee kilichotolewa kihalali leo.)

Shangazi hakucheka. Alinitazama, akatazama sufuria, akatazama watu. Nikauona mkeka wa jikoni kwa shemeji yake waziwazi, na mimi nimelala mlangoni pake.

"Karatasi ina jina langu," akasema polepole. "Waliokula wamekula. Siwezi kumdai mtu niliyemwita."

Hapo Mzee Chipande akasimama. Akaenda mlangoni na sahani yake tupu, akaweka kidole kwenye wale sisimizi wangu.

"Hili nalo niachieni nilisome."

Alisoma jamani. Me, a, ma. Akasita. Je, i, ji. Lori linapiga honi, dereva anagombeza, na watu wote hao wamesimama wanangoja mzee amalize. Nilitamani nimsaidie, nikajizuia. Alipofika "ya kunywa" jasho lilikuwa linamtiririka kuliko mimi.

"Ni maji," akatangaza. "Mimi sikunywa maji. Nimekula pilau."

Akafungua gunia lake, akamimina korosho mezani, kilima kizima.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu mtu kutoka mikono mitupu mbele ya mzee yule. Karani akalipa, uso ameukunja. Wengine wakatoa walichonacho, mmoja kaacha kuku hai. Utingo aliruka dirishani akisema yeye maandishi madogo hayaoni. Haikutosha yote, lakini mchele wa kesho upo.

Mnadhani yamekwisha? Shangazi akalibandua lile la mlangoni, akanipa.

"Umeandika sehemu moja kwa kelele. Na ile nyingine utaipigia kelele kwa mdomo."

Basi tangu adhuhuri mpaka alasiri nimesimama barabarani, mhitimu mzima, nimeshika BURE kifuani, nikimlilia kila mpita njia: "Maji tu, maji ya kunywa tu." Wanafunzi wangu wa jioni wamepita. Wamerudi wakapita tena.

Mwisho likasimama gari kutoka Mingoyo, akashuka Fundi Bakari. Akalisoma tangazo, akanisoma na mimi.

"Nilikufundisha nini?"

"Kikubwa husomwa kwanza, Fundi."

"Na maneno ya jambo moja?"

"Yakae pamoja."

"Kumbe ulikuwa unasikia," akasema, akaenda zake ndani kula. Alilipa.

Tangazo la kesho Shangazi kasema litaandikwa kwa mkaa juu ya ubao, na mwandishi ni Mzee Chipande.

Nawaombeni wenzangu, msicheke. Na ikiwalazimu, chekeni kwa herufi ndogo.

Wenu,
Athumani