Nirudishie Kutu ya Gari Langu

Ndugu Mkuu wa Gereji, ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja,

Kutu ya gari langu ilipotea mwezi uliopita, kati ya Jumatatu nilipokuachia ufunguo na Jumamosi uliponirudishia. Nilikuomba ushikize mlango mmoja uliokuwa unaning'inia. Wewe ukang'oa bodi nzima, ukavalisha nyingine, ukapiga rangi, kisha ukasimama mbele ya majirani na kusema, "Dada, nimekufutia aibu." Aibu ipi? Gari lile, ambalo kiwanda chake kiliacha kulitengeneza kabla wewe hujaota meno, ndilo lililokulipia ada ya huo ufundi. Kwa heshima ya cheo chako, naomba usome hasara zangu bila kurukaruka.

1. Mimi nauza barafu. Sakafu ya zamani ilikuwa na matundu kumi na saba, na kila tone lililoyeyuka lilijua njia yake. Umeyaziba yote. Sasa nikipanda mlima maji yanakwenda nyuma, nikishuka yananifuata hadi kwenye breki. Naendesha gari au naendesha beseni?

2. Zamani nilikuwa naingia mtaani kwa kelele za mabati, wenye maduka wanatoka na ndoo kabla sijafika. Sasa nateleza kimya kama mdaiwa. Barafu haisubiri mtu amalize kuoga.

3. Hakuna aliyewahi kuliomba gari lile. Shangazi mwenyewe alikuwa anawaonya watu wasilipande na nguo nyeupe. Tangu ulirembe limeshabeba maharusi watatu, na Jumamosi iliyopita nilipeleka barafu ya sherehe kwa mkokoteni, nikipigiwa honi na dereva wa gari langu mwenyewe nimpishe. Ilifika nusu, nusu nyingine imebaki barabarani. Wateja wawili wameshahamia kwa muuzaji mwingine. Akihama wa tatu, nafunga biashara.

4. Hili nimelifuta. Linamhusu mama, nawe unajua atasema nini.

5. Shemeji yako, baba watoto wangu, kwa miaka kumi na moja alikuwa akiona gari linakuja anageuka kusoma mabango ya dukani. Sasa anakaa mbele, kiwiko dirishani, anapungia hata watu asiowajua, na analiita "gari letu". Hiyo "letu" mmeichomelea lini?

Kwa hiyo naomba, tena kwa adabu, unirudishie bodi yangu. Kama umeshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, basi nitengenezee kutu mpya. Ya kwanza ilichukua miaka ishirini na miwili. Wewe fundi mkubwa, mwenye cheti ukutani, nakupa mwezi. Maji ya chumvi yapo, mvua ipo, uzembe unao. Matundu yawe kumi na saba, si kumi na sita, na moja liwe chini ya kisigino changu cha kushoto, pale nilipokuwa napata upepo. Mlango wa nyuma ulie tena. Ukishindwa, njoo ukae ndani na kopo uwe unachota maji tukiwa njiani, maana kazi ambayo hukutumwa ndiyo unayoiweza.

Nataka jibu la neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Usiniletee zile za "Dada, tutaongea."

Wasalimie mafundi wote, mkeo na watoto, na yule mchomeleaji aliyeziba tundu la mwisho. Mwambie miguu yangu, ikiwa majini, inamtaja kila siku.

Ni mimi, dada yako, na mteja wako uliyempamba bila kuombwa,

Mama Barafu

Tanbihi: Ile rangi ya buluu imebaki kiasi gani? Usimpe mtu. Nataka lango la nyumba lifanane na gari. Na ukija usiliegemee gari, nimelipiga nta leo asubuhi. Hilo la kutu halina haraka. La rangi nijibu leo hiihii, kabla ya saa kumi na mbili jioni.