Vioo Viwili na Kisogo Kimoja

Jumatatu, 20 Mei

Mvua asubuhi. Wateja hakuna. Nimekaa kwenye kiti changu cha kunyolea, nikajizungusha polepole mpaka mtaa ukaanza kunipita dirishani kama ndoto. Dada akaingia na mtoto mgongoni. Mpwa wangu anabatizwa Jumapili, na dada anataka mimi niwe baba wa ubatizo. Tatizo ni katekista, yule mama mnene mwenye sauti ndogo. Jumapili ni ya Utatu Mtakatifu, na ameapa hatamkubali msimamizi asiyeweza kumweleza Mungu mmoja katika nafsi tatu. Amechoka na watu wanaokuja kupigwa picha.

Nikamwambia dada aondoe shaka, jambo hilo nalijua tangu utotoni. Akanitazama kama dada wanavyotazama. Akasema shemeji ana mtu wake wa akiba. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara! Mtu anayeitazama dunia kwa jicho moja, la pili limezibwa na kioo chake cha kukuzia.

Dada akaniachia mtoto akaenda dukani. Mtoto akalala kifuani pangu hapo hapo. Kwa wengine wote hulia. Sina mtoto, na sijui kama nitampata. Huyu sitakubali abebwe na fundi saa mbele ya kanisa zima.

Jumanne, 21 Mei

Mkakati: chai. Maji, majani, sukari. Vitu vitatu, kikombe kimoja. Nilishangaa kanisa limehangaika karne zote hizi bila kunishirikisha.

Nikampelekea katekista chupa nzima ofisini kwake nyuma ya kanisa. Akanywa, akasifu. Kisha akasema daktari amemkataza sukari, kwa hiyo nyumbani hunywa bila sukari na bado huiita chai. Akauliza nitamwondoa nani kati ya wale watatu, na Mungu abaki Mungu. Nikasema nitarudi. Akaniomba niiache chupa.

Jumatano, 22 Mei

Usingizi wa mchana, feni ikinizungukia. Nikaota wateja watatu wameingia, wakakaa wote kwenye kiti kimoja, na hakuna aliyebanwa. Nikauliza nianze na nani. Kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Nywele zao zilianguka polepole, hazikufika sakafuni. Nilikuwa na furaha nisiyoweza kuieleza. Nikazinduka, na mtu amesimama mlangoni, sijui tangu lini, anauliza kama kiti kina nafasi. Nikamwambia kina nafasi ya watatu. Akaenda zake.

Ndoto nimeiweka kando, haina mkakati ndani yake. Nimepata kitu bora: mimi mwenyewe. Kazini ni kinyozi, kwa dada ni kaka, kwa mtoto ni mjomba. Mtu yuleyule! Nikafunga duka mapema. Katekista alinisikiliza akipanga vitabu vya nyimbo. Akasema Mwana alikuwa akisali kwa Baba, wakati mwingine usiku kucha. Angependa kujua huyu kinyozi humwomba nini yule mjomba. Akauliza kama nimekuja na chai.

Wakati natoka, fundi saa anaingia. Amenyolewa vizuri, na si mimi niliyemnyoa. Limenikaa rohoni mpaka sasa.

Alhamisi, 23 Mei

Vioo! Sijui kwa nini sikuanza navyo. Kimoja kiko mbele ya kiti, kimoja nyuma. Nikikaa katikati, kinyozi yuko mbele, yuko nyuma, na yuko kitini. Tatizo ni kwamba hawaishii hapo. Wanaendelea mle ndani, mmoja nyuma ya mwenzake, wadogo zaidi na wa kijani zaidi, kama wasafiri wanaoondoka bila mizigo. Niliwatazama mpaka chakula cha mchana kikapoa. Kisha nikawafunika kwa taulo, wakabaki wale niliowahitaji.

Katekista alikuja dukani mwenyewe. Akakaa kwenye benchi, akatazama, akasema wanapendeza. Akauliza kama wanapendana. Nikasema hivi ni vioo tu, mama. Akasema hapo ndipo penye kazi. Baba anampenda Mwana, Mwana anampenda Baba, na upendo wao si kitu, ni nafsi. Hawa wangu wanakodoleana macho tu, na nikiinuka mimi wote wameondoka. Mtu akiwa peke yake, hata umzungushie vioo, yuko peke yake. Alipofika mlangoni akakumbuka jambo moja zaidi, kwamba wahenga walisema kinyozi hajinyoi.

Mambo ya Mungu naweza kukosolewa, siyo fani yangu. Lakini kunyoa!

Ijumaa, 24 Mei

Nimejinyoa.

Nilitaka kumwonyesha. Nilikaa kati ya vioo, mashine mkononi, nimetulia kabisa. Mkono wangu ulikuwa na nia moja na mkono wa kiooni ulikuwa na nia yake. Nilipousogeza kulia, ule ukapotea njia. Sasa kuna barabara kisogoni, inaanzia shingoni inaishia utosini, na ina kona.

Nikavaa kofia. Dada akaivua. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema kwa upole kwamba shemeji ameshamwambia fundi saa ajiandae. Katekista hajaridhika na mimi, na kichwa hiki nacho hakisaidii. Nimeumia. Nimezungusha kiti kuelekea ukutani nikakaa hivyo mpaka taa za mtaani zikawaka.

Jumamosi, 25 Mei

Amekuja fundi saa. Dada amemtuma, pamoja na mtoto, dada mwenyewe akaenda kutafuta kitambaa cheupe cha kesho. Sikuwa na nguvu za kumfukuza. Akanipa mtoto nimpakate, akanifunga shuka shingoni, akavaa kioo chake jichoni, akachukua mashine.

Miaka yote nimeinamisha vichwa vya watu, changu sijawahi kuinamisha. Mtu akikushika kichwa kwa mkono usio na haraka, kelele za dunia hupungua. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mtoto alinishika sikio akalikodolea macho kama kitu cha thamani. Fundi saa akaniambia, karibu na kunong'ona, kwamba na yeye ameshindwa. Alimweleza katekista kwa mishale ya saa: wa saa, wa dakika, wa sekunde. Akaambiwa saa yake imesimama.

Nikacheka. Akacheka. Mtoto akacheka kwa sababu tunacheka, nasi tukazidi kwa sababu anacheka. Mwishowe sikujua kicheko ni cha nani. Kilikuwa kimoja, kikizunguka chumbani pamoja na vinywele.

Katekista alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha chupa. Akatutazama kiooni kwa muda mrefu. Akasema hatimaye ameona kitu. Kesho tuje wote wawili: mimi nimbebe mtoto, fundi saa ashike mshumaa.

Jumapili, 26 Mei

Nimembeba. Hakulia, hata maji yalipomgusa. Mshumaa wa fundi saa ulikuwa ukitetemeka, na mwanga wake ukawa unapita kwake, kwangu, kwa mtoto, ukirudi tena. Kuna kitu kilinikaribia hapo, kikubwa na kipole. Nikaanza kukitafutia mfano. Kikaondoka.

Jumatatu, 27 Mei

Nimelala vizuri na nimeelewa kila kitu. Vioo vimeshinda! Katekista alitazama wapi Jumamosi kabla ya kukubali? Kiooni. Nilijua tangu mwanzo, ila vilikuwa viwili na mada ni ya watatu. Kioo cha tatu nimeshakiagiza. Askofu akija mwezi ujao nitamweleza mimi, mama wa watu apumzike.

Tena nitaanza kwa kumaliza ile hadithi ya wahenga. Nitajinyoa kisogo, mwenyewe, bila msaada wa mtu. Kioo kipya hakina pa kutundikwa, kwa hiyo fundi saa atakuja kunishikia. Nimemwambia dada naye anipakatishe mtoto, maana bila yeye mkono wangu hautulii.