Malalamiko Dhidi ya Mashine Iliyomponya Mwenyekiti Wangu

Jonah Musyimi,
Naibu Mwenyekiti, Kamati ya Maji,
Soko la Tulia, Kitui.

Kwa Katibu,
Kamati ya Fedha za Utafiti wa Afya.

Mheshimiwa Katibu,

KUH: OMBI LA KUSITISHA UTAFITI WA PRESHA HAPA TULIA

Nakusalimu kwa heshima nikitumaini u mzima, ingawa kuhusu uzima nina maneno yangu hapa chini. Chifu alitutangazia kanisani kwamba mnataka maoni ya wananchi kabla ya kutoa pesa za awamu ya pili ya utafiti huu. Najua wengi wataandika kushukuru. Mimi nalalamika, na naomba unisome hadi mwisho, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

1. Lalamiko la kwanza ni Mzee Mbaluka, mwenyekiti wetu wa maji. Ana presha ya miaka mingi. Dawa alikuwa akianza na kuacha, maana zahanati iko mbali na foleni yake humaliza siku. Mwaka jana alianguka mbele ya kioski cha maji, akina mama wakiwa wamepanga mitungi. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Mdomo ulikuwa umeenda upande, lakini bado aliniuliza, "Jonah, bomba umefunga?"

Nikamjibu, "Nimefunga, Mzee. Pumzika." Wakati huo maji yalikuwa yanatiririka hadi barabarani.

Nililia, Katibu, sikufichi. Lakini mtu anaweza kulia huku akifikiri. Nimekuwa naibu tangu tanki letu likiwa la mabati. Wiki hiyo nilimpelekea fundi kitambaa cha suti ya kijivu, na hotuba ya kupokea kiti nikaianza.

Ndipo mkatuletea Daktari Wamaitha, binti wa wafanyabiashara wa Emali, pamoja na nesi wetu Mutanu. Hawakutuuliza kwa nini tunaugua. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kwa nini tunaacha dawa. Wakasikiliza, wakaandika, kisha kwa pesa za umma wakaleta mashine ya kupima presha na vidonge kanisani, vikawa vinatolewa mara tu ibada inapoisha. Kidonge kiko hatua chache kutoka kwenye benchi! Mtu atakikosaje? Leo Mzee Mbaluka anapanda ngazi ya tanki mwenyewe kukagua kifuniko, na kwaya imemrudisha kwenye sauti ya besi. Suti yangu imeenda harusini tu.

2. Chumvi. Mke wangu Kalondu alihudhuria mafunzo ya daktari, akarudi akaondoa mkebe wa chumvi mezani. Nilipoonja muthokoi, yale mahindi na maharagwe ambayo nimekula tangu niache ziwa la mama, nilidhani ulimi wangu umekufa. Nikauliza, "Mama Mbithe, chumvi imeisha dukani?" Akanijibu, "Baba Mbithe, dukani iko. Ni wewe sitaki uishe." Sasa nikuulize, Katibu, mwanamume aliyejibiwa hivyo analalamika kwa nani?

3. Wanaume wa hapa wameanza kusema ukweli. Zamani ukimwuliza mwanamume hali yake, anasema yuko sawa, mnaendelea na habari za ng'ombe. Kimeu, dereva wa lori ambaye hata askari wa barabarani hawamtishi, alikaa mbele ya mashine, akafungwa ule mkanda mkononi, akamwambia Mutanu tukisikia wote: "Dada, mimi naogopa. Baba yangu alikufa hivi hivi." Mutanu akamshika bega. Basi mzee mmoja naye akafungua moyo, na mwingine, hadi chai ikapoa. Siku hizi wanakutana kila Jumapili na kuulizana kama wamemeza dawa. Kijiji ambacho wanaume wake wanapendana namna hii kitatawaliwaje?

4. Hata matanga yamepungua. Mimi ndiye msemaji wa kamati kwenye mazishi, na sauti yangu inaota kutu.

Kwa hayo yote, naomba hivi: mashine ipelekwe Mutomo au popote pasipo na manaibu wanaosubiri. Pesa zitakazobaki zifadhili utafiti mpya kuhusu madhara ya kungoja kiti kwa afya ya naibu mwenyekiti. Mimi niko tayari kuchunguzwa, mradi nipewe chai. Na ikithibitika kwamba kungoja ni ugonjwa, basi serikali itulipie matibabu, na tiba yenyewe sote tunaijua: ni kiti.

Nisalimie wanakamati wote, makarani, na mlinzi wa lango lenu. Kalondu naye anawasalimu, na anasema mpunguze chumvi.

Ni mimi wenu mwaminifu anayezidi kungoja,
Jonah Musyimi.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Mzee Mbaluka ameitisha mkutano na kujiuzulu. Alisimama wima akasema: "Nilipokuwa mgonjwa nilikishikilia hiki kiti, nikiogopa kwamba nikikiacha nimekwisha. Sasa nina nguvu. Naenda Emali kumsaidia binti yangu kuuza vitunguu." Kisha akanikumbatia mbele ya watu, na macho yangu yakanisaliti.

Kwa hiyo mwenyekiti ni mimi. Naibu wangu aliyechaguliwa ni Bi Nzisa, mama imara, na tayari ameniuliza mara mbili kama huwa nalala vizuri. Leo ameonekana kwa fundi wa nguo, akichagua kitambaa.

Katibu, tafadhali yasome yaliyo hapo juu kinyumenyume. Toeni pesa za awamu ya pili. Na kama inawezekana, mashine ziwe mbili.